Yasmin na Ncha ya Pili ya Kamba: Kijana wa Kihindi katika Riwaya ya "Vuta N'kuvute"

Katika hadithi zetu za Kiswahili Mhindi ni mtu wa siku nyingi, walakini aghlabu hatumjui ila kwa upande mmoja. Twamkuta dukani, daftari la madeni mbele yake na mizani kandoni. Husema maneno mawili matatu ya Kiswahili kibovu ili msomaji acheke, kisha mtunzi humwacha pale pale na kuendelea na watu wake. Duka likifungwa hatujui Mhindi huyu anapanda ngazi kwenda wapi, anakula nini, anazungumza nini na watoto wake, wala watoto hao wanawaza nini wanapochungulia dirishani. Nyumba iliyo juu ya duka ni nyumba iliyofungwa. Kwa hiyo riwaya ya Kiswahili inapomtwaa kijana wa Kihindi, tena mwanamke, ikamfanya kuwa ndiye mhusika wake mkuu, yatupasa kuisoma kwa makini na kuuliza kama mlango wa nyumba ile umefunguliwa kweli.

Swali hili si la wakongwe wa mjini peke yao. Leo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar iko Tunguu, katika mashamba ya Unguja, na huko husoma vijana ambao wengi wao hawakupata kuwa na jirani wa Kihindi. Kijana wa namna hiyo akitaka kujua maisha ya msichana wa Kihindi wa Mji Mkongwe katika miaka ya 1950, atayapata wapi katika lugha yake? Jibu la kwanza atakalopewa ni riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, iliyopigwa chapa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 1999. Basi na tuitazame riwaya hiyo kwa sifa zake na kwa upungufu wake.

Mtunzi alizaliwa Unguja mwaka 1940, na kabla ya kitabu hiki alikuwa amekwisha kujulikana kwa *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) na *Kuli* (1979). Katika vitabu hivyo viwili mnyonge anatambulikana kwa kazi yake: katika cha kwanza ni mtu wa shamba aliye chini ya bwana wake, na katika cha pili ni mchukuzi wa bandarini. *Vuta N'kuvute* imekwenda njia nyingine. Mnyonge wake ni msichana ambaye kwa hesabu ya ukoloni alihesabiwa katika tabaka la juu ya Waafrika, naye hata hivyo hana amri juu ya mwili wake mwenyewe. Hili ni wazo zito, na ndilo linaloipa riwaya nguvu tangu mwanzo.

Khabari yake kwa ufupi ni hii. Yasmin, msichana wa miaka 15, anaozwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekwisha kupita miaka 50. Anachukuliwa Mombasa, hawezi kuvumilia, anamkimbia mumewe na kurudi Unguja. Jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni rafiki yake Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo mwenye chumba kidogo na moyo mkubwa. Huko Yasmin anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na ambaye anatafutwa na polisi kwa kuupinga utawala wa Waingereza. Mapenzi na siasa vinafungamana, serikali inaingia kati, na mwisho Yasmin anapata maisha mengine pamoja na Bukheti, si pamoja na Denge.

Ili tuone mtunzi amefanya nini, hatuna budi kuukumbuka mji wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha Wahindi wapatao 15,000 katika Unguja na Pemba, miongoni mwa watu wapatao 264,000. Na wengi wao walikuwa mjini. Wala hawakuwa watu wa namna moja. Palikuwapo Maismailia, Maithnaasheri, Mabohora, Wahindu wa makabila mbalimbali, Wagoa na Waparsi. Kila jamaa walikuwa na mahali pao pa ibada, sherehe zao na matanga yao, na wazee walikuwa wakali juu ya nani amwoe nani. Katika Kiponda, Hurumzi na Malindi nyumba zilisongamana hata jirani aliweza kusikia sahani za jirani. Upande wa pili wa pwani ndogo, ambayo leo imefukiwa, ilikuwako Ng'ambo, makao ya watu wa kazi. Na mtu wa mjini aliyesema "ng'ambo" hakutaja mahali tu, alitaja na daraja ya watu.

Adam Shafi ameyatumia maumbile haya ya mji kwa ustadi. Mwendo kutoka mtaa wa mawe mpaka mtaa wa udongo ni mfupi kwa miguu, lakini kwa Yasmin ni safari kubwa kuliko ile ya baharini ya kwenda Mombasa. Mombasa alipelekwa, Ng'ambo alikwenda mwenyewe. Katika tofauti ya vitenzi hivi viwili imo riwaya nzima.

Sifa ya pili ni ya lugha. Yasmin hasemi Kiswahili cha kuchekesha. Husema kama mtoto wa Unguja, kwa sababu ndivyo alivyo, na mtunzi hakuona haja ya kutuomba radhi kwa jambo hilo. Wanaodhani hili ni dogo na wakumbuke vichekesho vingapi vimejengwa juu ya ulimi wa Mhindi. Mtu anayechekwa kila anapofungua kinywa hawezi kuaminiwa kuwa ana mawazo. Na mtunzi aliyempa Yasmin ulimi mzima amempa pia haki ya kufikiri.

Sifa ya tatu ni urafiki wa Yasmin na Mwajuma. Katika riwaya nyingi za siasa wanawake wawili huwekwa pamoja ili mmoja amfundishe mwenziwe, au wagombanie mwanamume. Hapa sivyo. Mwajuma hampokei Yasmin kwa sababu ya itikadi, wala hamwoni kuwa mgeni wa kuonewa huruma. Humpokea kwa kuwa ni shoga yake na hana pa kulala. Maisha yao ya kila siku, yaani kupika, kuvaa, kucheka, kwenda ngomani na kurudi usiku wa manane, ndiyo sehemu iliyo hai kuliko zote, na kwa maoni yangu inazishinda hata zile kurasa za mikutano ya siri.

Sasa natuje kwenye upungufu. Jina la kitabu latukumbusha mchezo wa kuvutana kamba. Mchezo huo hauwi mchezo ila pande zote mbili ziwe na nguvu. Upande mmoja ukiwa dhaifu, kamba huenda moja kwa moja na watazamaji hutawanyika. Katika riwaya hii upande wa Ng'ambo una nguvu tele: una urafiki, mapenzi, muziki na matumaini ya nchi. Upande wa nyumba ya Kihindi una nini? Una mume mzee, jamaa wenye hasira na aibu ya watu. Kinachomvuta Yasmin kurudi nyuma ni woga mtupu, karibu hakuna kinachomvuta kwa mapenzi. Fikira zake twazisikia anapokimbia na anapopenda, lakini ni mara chache tunapozisikia akiwaza juu ya mambo yaliyomlea: lugha ya nyumbani aliyoisikia kabla ya nyingine yoyote, dua za wazee, harufu ya jiko la kwao, nyimbo za filamu za Kihindi, maonyesho ya wanawake peke yao katika sinema za mjini. Msichana wa miaka 15 haachi mambo hayo kama anavyovua viatu. Huyabeba, na usiku humwamsha.

Simlaumu mtunzi kwa kutokuwa Mhindi. Hiyo si lawama ya mhakiki. Lawama yangu ni kwamba ameufungua mlango wa nyumba ile kwa kadiri ya kumtoa Yasmin nje, kisha ameurudisha kabla ya sisi kuingia.

Tulinganishe na kitabu cha upande wa pili. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, aliandika kwa Kiingereza *The Gunny Sack* mwaka 1989. Humo kijana wa Kihindi, Salim Juma, anafungua gunia la kumbukumbu aliloachiwa na bibi wa ukoo wao, na kila kinachotoka ndani yake kinamrudisha kwa mababu waliopitia Unguja wakaenda bara, na kwenye utoto wake katika mtaa wa Kichwele, ambao baadaye uliitwa Uhuru. Nyumba ya Kihindi katika kitabu hicho imejaa watu, mizaha, ugomvi na siri. Lakini angalia Bibi Taratibu, mtumwa wa Kiafrika aliyemzalia mtoto baba wa ukoo: ametajwa, ametiwa katika dhamiri ya msimulizi, ila mawazo yake mwenyewe hatuyapati. Salim anajua kila pembe ya nyumba yake na anamwona jirani kwa mbali. Yasmin amemjua jirani hata akala naye sahani moja, na nyumba yake mwenyewe imebaki giza. Kamba ile ya kuvutana imekatika: ncha yake moja imo katika Kiingereza na ncha ya pili imo katika Kiswahili, na msomaji wa lugha moja hashiki ila kipande.

Huenda mtu akasema kwamba riwaya hii si kitabu cha mila za Wahindi. Ni kitabu cha uhuru, na mtu anayetaka kuwa huru hana wasaa wa kusifu gereza lake. Hoja hii ina uzito, na Yasmin mwenyewe angeikubali. Lakini naijibu kwa historia. Mambo ya riwaya yanatokea katika miaka ya 1950; kitabu kimetoka mwaka 1999; na katikati yapo mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, yaliyoufanya mji wa Yasmin kuwa mji mwingine. Wahindi wengi waliondoka, na nyumba zao zikapata wakaaji wapya. Mwaka 1970 wasichana wa Kizanzibari wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wakubwa wa serikali, na khabari zake zikaenea duniani. Ndoa ya lazima, ambayo riwaya inaionyesha kama ugonjwa wa nyumba ya Kihindi na wa zamani, ilikuja kuingia kwa mlango wa mbele, na mkononi ina amri ya dola mpya.

Sisemi kwamba Adam Shafi alipaswa kuyaeleza hayo. Riwaya yake inaishia kabla yake. Wala hakuwa mtu wa kuwafichia wakubwa: *Haini*, aliyoitoa mwaka 2003, inasimulia jela na mateso ya Unguja baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972. Nasema hivi tu: msomaji anayeijua historia hiyo anataka riwaya impe kipimo cha kile kilichopotea, naye hakipati. Nyumba isiyojulikana haililiwi. Ikiwa tulichokijua cha nyumba ya Yasmin ni kitanda cha Bwana Raza na hasira za jamaa, basi ilipobomoka hakuna mtu aliyepotewa na kitu. Na hilo si kweli, wala sidhani kwamba mtunzi mwenyewe aliliamini.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa riwaya hii katika filamu, nayo ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto. Filamu haina budi kuwa na vyumba. Mtunzi aweza kuandika kwamba Yasmin alikaa nyumbani akasikitika, yakaisha. Mwenye kupiga picha lazima atuonyeshe ukuta, nguo, mwanga wa dirishani na uso wa mtu asiyesema. Kwa sababu hiyo hiyo filamu hukumbusha kile ambacho maneno yamekipita upesi, na anayeitazama baada ya kukisoma kitabu atajiuliza msichana yule alikuwa akiwaza nini aliponyamaza.

Pamoja na yote niliyoyasema, *Vuta N'kuvute* imebaki kuwa riwaya ya kwanza ambayo ningempa msomaji wa Tunguu, na ningempa bila kusita. Imemfundisha kwamba binti wa duka ni mtu, na kwamba kutoka Mji Mkongwe mpaka Ng'ambo kulikuwa na njia ambayo wengine waliipita kwa hiari yao. Ila ningemwomba anaposoma zile kurasa za mwanzo asizipite mbio kwa hamu ya kumfikia Denge. Na asimame kidogo juu ya ngazi za nyumba ile, asikilize. Lugha inayosikika nyuma ya mlango haielewi, na hakuna mtunzi wa riwaya aliyemfasiria. Kazi hiyo bado inangoja, na mwenye kuiweza huenda ni mtoto wa Unguja ambaye bibi yake alikuwa akimsimulia kwa Kikachi na yeye akimjibu kwa Kiswahili.