"Bolti Kaidi": Uhakiki wa Istilahi za Karakana

Hivi karibuni nilikabidhiwa nipitie mwongozo wa kutengeneza ekseli ya nyuma ya magari ya zamani, uliotafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi. Sarufi yake ni safi, na mtafsiri anastahili pongezi. Hata hivyo, baadhi ya istilahi zake zaweza kumdhuru fundi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kasoro hizo na kupendekeza namna ya kuzisahihisha.

Kasoro ya kwanza ni "bolti kaidi". Ukaidi ni tabia ya mwenye hiari. Chuma hakina hiari. Mafundi wenyewe husema kwamba bolti imeshika kutu, au nati imeliwa pembe. Hayo si maneno ya kupuuzwa, kwani kila moja lataja sababu, na kila sababu ina dawa yake. Bolti iliyoshika kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, hutiwa mafuta ya kupenya, kisha huachwa ilowe, hata usiku kucha. Ikishindikana, mafuta hayo hufutwa na nati hupashwa moto ili itanuke na kuachia nyuzi, mradi mabomba ya breki na vipande vya mpira viwe mbali na moto. Nati iliyoliwa pembe, kwa upande wake, huhitaji spana inayoikamata barabara, au tindo ya kuipasulia. Neno "kaidi" lafunika tofauti zote hizo, na lamwelekeza mwanafunzi kwenye dawa moja tu, yaani nguvu. Nguvu ikizidi, bolti hukatika.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mtafsiri ametumia kitenzi "fungua" mahali pote. Hivyo mwanafunzi anaagizwa afungue nati za gurudumu, kisha apandishe gari kwa jeki. Akitii agizo hilo kama lilivyoandikwa, gurudumu litachomoka gari likiwa linapanda. Kinachotakiwa ni kulegeza nati gurudumu likiwa bado chini, ambapo ardhi hulizuia lisizunguke, na kuzifungua baada ya gari kupanda na kuegemezwa juu ya vigingi madhubuti. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno hapa. Napendekeza vitenzi vitatu vitenganishwe: "legeza", yaani kupunguza mkazo huku nati ikibaki mahali pake, "fungua", yaani kuizungusha nati hadi itoke, na "toa", yaani kuichomoa bolti tunduni.

Tatu, mwongozo wafundisha kwamba kulegeza ni "kuzungusha kushoto". Kwa fundi aliyelala chini ya ekseli, kushoto ni wapi? Afadhali kusema "kinyume cha mwendo wa akrabu za saa, ukiwa umeikabili nati". Hata hivyo, kanuni hiyo nayo haitoshelezi magari yote. Baadhi ya malori ya zamani, kama yale ya Bedford, yana nati za magurudumu ya upande wa kushoto zenye nyuzi za kinyume. Fundi anayedhani kwamba anazilegeza huwa anazikaza, kisha huzilaumu kwa "ukaidi". Kwa hiyo "nyuzi za kulia" na "nyuzi za kushoto" ni istilahi zisizoweza kuachwa.

Mwisho, sehemu ile ile inaitwa "ekseli" katika ukurasa mmoja na "mhimili" katika mwingine. Kwa kuwa mhimili una kazi nyingine nyingi katika lugha yetu, na ekseli imekwisha kuzoeleka, yafaa tushike "ekseli" peke yake.

Kwa kawaida sisi wakuzaji istilahi huanza na kamusi. Katika uwanja huu hapana budi kuanza na fundi: tumsikilize anapofanya kazi, kisha tumpe rasimu yetu aifuate akiwa na spana mkononi. Akisita, istilahi haijawa tayari kusanifiwa.