Kupunguza Fidi Lilikuwa Kosa

Kata ya mashine ilipoanza kulia katikati ya mfereji, fundi alinyoosha mkono akapunguza fidi. Mliokuwepo kwenye onyesho lile la kukata chuma hapa Dodoma mliona. Kazi iliharibika pale, na tipu iliyolaumiwa na wengi wakati wa kutoka haina hatia.

Maandalizi yalikuwa safi: kipande cha Inconel 718, aloi ya nikeli, kimebanwa imara, kata imetokeza kidogo tu.

Turudi kwenye mkono ule. Fidi ilikuwa milimita 0.08 kwa jino. Akaishusha hadi 0.02, spidi akaiacha ileile ya mita 60 kwa dakika. Kwenye chuma laini angeweza kusalimika. Kwenye aloi ya nikeli, hapana. Makali ya tipu ya kabaidi yenye mipako hayakuchongoka kama wembe. Yana mviringo, na nusu-kipenyo chake mara nyingi ni maikromita 20 hadi 30. Chipu ikikaribia wembamba wa mviringo huo, jino halikati vizuri tena, linasugua zaidi. Linakandamiza chuma, na chuma hiki kikikandamizwa kinazidi ugumu, kwa hiyo jino linalofuata linakuta tabaka lililokazwa na mwenzake.

Kipima nguvu kilionyesha nguvu imeshuka, na baadhi yenu mkapiga makofi. Lakini chipu nayo ilikuwa imepungua hadi robo! Ukigawa nguvu kwa eneo la chipu, utakuta kila milimita ya mraba iligharimu nguvu kubwa kuliko mwanzo. Joto nalo lilibaki kwenye ncha, maana Inconel 718 hupitisha joto takriban robo tu ya chuma cha kaboni. Tipu ilipotolewa ilikuwa na pengo kwenye mstari wa kina cha mkato, palepale ilipokuwa ikigusana na ngozi ngumu iliyoachwa na mkato uliotangulia.

Alipaswa kupunguza spidi. Angeshuka hadi mita 30, fidi aiache, na tipu aibadilishe mara uchakavu wa ubavuni ukifika milimita 0.3. Mhandisi Frederick Taylor alichapisha msingi wa haya mwaka 1906, baada ya miaka 26 ya majaribio na zaidi ya tani 360 za chuma zilizogeuzwa chipu: spidi humaliza makali haraka kuliko fidi, na fidi kuliko kina. Wazee wetu waliofunzwa Mang'ula, kwenye karakana iliyoachwa na Wachina waliojenga reli ya TAZARA, hawakuwa na kipima nguvu. Walisikiliza kata, wakatazama rangi ya chipu, na mkono wao wa kwanza ulikwenda kwenye gia za spindo. Karakana za namna ile tuliziacha zife, na leo tunashangaa vijana wanaogopa fidi.

Joto lile la kwenye ncha linanileta kwenye kulanti, mchanganyiko wa mafuta na maji wa kupoza mkato. Maji magumu ya visima hutenganisha mafuta na maji ndani ya tangi, na mji huu unakunywa visima vya Makutupora. Mkichanganya kulanti kwa maji ambayo hamjapima ugumu wake, msitegemee mkondo wa kupoza ncha.

Kipande kile bado kinaweza kuokolewa. Atakayekimalizia afunge tipu mpya, arudishe 0.08, na mkato wa kwanza upite chini kabisa ya lile tabaka gumu. Akiukwangua juujuu ataharibu tipu ya pili.