Kutoka Utumwa hadi Utumishi: Shukrani, Sala na Mtoto katika Uhuru wa Watumwa

Utangulizi

Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotolewa na Sheldon Press mwaka 1934, kina bahati mbaya ya kutajwa sana na kusomwa kidogo. Katika kozi zetu za historia ya riwaya hutajwa kwa ajili ya tarehe yake. Wapo wanaokihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, na wapo wanaokiondoa katika orodha hiyo wakidai kuwa ni historia tu. Baada ya mjadala huo hutolewa hukumu moja, kwamba kitabu kimejaa kasumba ya kikoloni, kisha mhadhara husonga mbele. Mwandishi wa makala haya amewahi kuitoa hukumu hiyo mbele ya wanafunzi wake zaidi ya mara moja, wala hakusudii kuifuta yote. Hoja yetu ni kwamba hukumu hiyo ni nusu tu ya uhakiki.

Imani ya Kikristo katika kazi hii, na katika maisha ya jamii iliyoizaa, hujitokeza kwa njia tatu: shukrani, sala na huduma kwa watoto. Wahakiki wamekawia mno katika njia ya kwanza, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Tutajaribu kuonyesha kuwa njia ya tatu ndiyo kipimo kinachofaa kuzipima nyingine mbili.

Mandhari ya Kisa

Kisa chenyewe ni chepesi kufuatilia. Watu wa bara wanatekwa na wafanyabiashara wa watumwa, wanafungwa na kutembezwa hadi pwani, wanapakiwa jahazini, na manowari ya Waingereza inalikamata jahazi hilo. Walioachiliwa wanafikishwa Freretown, upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambako wanaanza maisha mapya chini ya wamisionari. Msimulizi ni mwana anayeyaandika aliyoyapokea kwa baba yake.

Nyuma ya kisa hiki kuna historia inayojulikana. Mwaka 1873 Sayyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, kufuatia ujumbe wa Sir Bartle Frere. Kati ya 1874 na 1875 chama cha wamisionari cha CMS kilianzisha makazi yaliyopewa jina la Frere. Miongoni mwa waliokuja kuyajenga walikuwamo Waafrika waliotekwa wakiwa wadogo, wakaokolewa baharini, wakalelewa na kusomeshwa Nasik huko India. Hadi leo mtaa ulio karibu na Daraja la Nyali huitwa Kengeleni, kwa sababu ya kengele iliyotumika kuwaonya wakazi kwamba wateka watu wanakuja.

Shukrani Yenye Anwani Mbili

Hapana shaka kwamba kitabu hiki kinashukuru. Tatizo ni kuwa shukrani yake ina anwani mbili, na msimulizi hazitenganishi. Anamshukuru Mungu na anamshukuru Mwingereza, mara nyingi kwa pumzi moja. Wahusika nao wamegawanywa katika makundi mawili yasiyoingiliana: Mwarabu ni ukatili mtupu, Mwingereza ni huruma tupu, na Mwafrika yuko katikati akingoja kutendwa, kwanza vibaya kisha vyema. Huu si uhalisia. Hata kwa vigezo vya ngano, ambako zimwi ni zimwi toka mwanzo hadi mwisho, Mwafrika wa Mbotela ana uwezo mdogo kuliko sungura.

Historia yenyewe inaikataa picha hiyo. Mwaka 1881 ulifanyika uchunguzi kuhusu viboko na vifungo walivyopewa wakazi wa Freretown chini ya msimamizi mlei wa kituo, J. R. Streeter. Serikali ya Kiingereza, iliyoitangaza pwani kuwa sehemu ya himaya yake mwaka 1895, iliuacha utumwa uendelee kutambuliwa kisheria hapa hadi 1907. Tena walikuwapo wengi ambao hawakungoja manowari. Walitoroka mashamba kwa miguu yao wenyewe wakakimbilia Rabai, ambako William Jones, mmoja wa wale waliotoka Nasik, aliwapokea. Walikuwa wengi kiasi kwamba tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya IBEA alilazimika kuwalipa mabwana wao fidia ili watoro takriban 1,400 wapewe hati za uhuru. Watu hao walikuwa wamekwisha kujikomboa kabla ya hati kuandikwa. Shukrani yote ikielekezwa juu, kwa nahodha na gavana, watoro hawa hawana mahali pa kusimama katika kisa.

Kwa hiyo wanaosema kitabu kina kasumba wanasema kweli. Kosa lao ni kudhani kuwa wamekwisha kusema yote. Shukrani inaweza kukosea anwani na bado ikawa shukrani. Mtu aliyetolewa katika tumbo la jahazi hakubuni wokovu wake ili kumpendeza gavana. Mhakiki anayemcheka kwa kushukuru anamtaka mateka awe amesoma nadharia ya ubeberu kabla minyororo haijamtoka shingoni.

Sala Inayotazama Nyuma

Suala la sala ni gumu zaidi, na linahusu fani kuliko maudhui. Kisa cha mateka husimuliwa kutoka mwisho. Msimulizi anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wasimuliwa wake watafika salama, kwa hiyo kila kituo cha njiani hugeuka kuwa hatua ya kuelekea Freretown. Njaa, kiu na jahazi vyote huonekana kama vilipangwa. Huu ndio muundo wa sala ya shukrani: mtu anageuka nyuma, anaiona njia yote kwa mara moja, na anaiita maongozi ya Mungu.

Muundo huu una gharama yake, nayo hulipwa na wasiofika. Waliokufa njiani, waliotupwa porini kwa kuwa hawakuweza tena kutembea, na waliouzwa kabla ya manowari kutokea, nao walilia na kuomba. Kama kufika ni jibu la sala, kutofika ni nini? Hatusemi kwamba mwandishi wa mwaka 1934 alipaswa kulijibu swali ambalo wanateolojia hawajalimaliza. Tunasema kwamba muundo wa kazi unalifunika, na mhakiki hana budi kulifunua.

Kwa ulinganisho tuangalie kisa cha Swema, binti wa Kiyao aliyetekwa akiwa mtoto na kufikishwa Unguja. Mama yake alifia njiani, na yeye mwenyewe alizikwa hali angali hai kabla ya kuokolewa na kulelewa misheni na watawa. Kisa chake kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1870, kikiwa kimepitia mkononi mwa Padre Horner. Humo maiti ya mama haifunikwi. Inabaki njiani, na msomaji analazimika kuipita pamoja na mtoto. Baadaye, akiwauguza wagonjwa misheni, Swema anakutana na Mwarabu aliyejeruhiwa ambaye alikuwa mmoja wa waliomtesa. Anasali na anamsamehe, lakini sala yake haina wepesi wowote, maana inapita juu ya kaburi la mama.

Hata hivyo Swema amepungukiwa na kitu ambacho Mbotela anacho, nacho ni kalamu. Maneno ya binti yamechujwa na padre aliyeyaandika kwa lugha ya wafadhili wa Ulaya, na lengo moja la maandishi ya namna hiyo lilikuwa kuwagusa mioyo wachangiaji. Katika Uhuru wa Watumwa mwana wa aliyeachiliwa anaandika mwenyewe, kwa Kiswahili, akiwaandikia wasomaji wa Afrika Mashariki. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1956, miaka 22 baadaye. Tofauti hii si ndogo. Shukrani ya Swema ilisafirishwa Ulaya, ilhali ile ya Mbotela, pamoja na upotofu wake wote, ilibaki nyumbani na kusomwa na watoto mashuleni.

Mtumwa, Mtume, Mtumishi

Hapa ndipo lugha yenyewe inapotusaidia. Kutokana na kitenzi kimoja, -tuma, Kiswahili kimepata mtumwa, mtume na mtumishi. Wote watatu wanatumwa, na kinachowatofautisha ni hiari, na nani aliyewatuma. Vivyo hivyo neno ukombozi hutumika kwa fidia inayolipwa sokoni na kwa wokovu unaohubiriwa kanisani. Wamisionari wa Kikatoliki wa Unguja, ambao walikuwa wakiwanunua watoto sokoni ili kuwaacha huru, hawakuhitaji kueleza sitiari hiyo. Watoto walikuwa wameiona ikihesabiwa kwa fedha.

Basi safari ya kweli katika kazi hii haiishii pale mnyororo unapokatwa. Inatoka kwenye utumwa na kuingia kwenye utumishi, na mtoto ndiye alama ya kuwasili. Tuwatazame wale waliotoka Nasik. Walitekwa wakiwa watoto, nao walipokuwa watu wazima wakawa walimu na wakatekista wa watoto wa watu wengine Freretown na Rabai. Ishmael Semler na William Jones walipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huohuo, Jones ndiye aliyewaongoza walionusurika hadi Rabai. Watu hawa walikuwa na ugomvi wa mara kwa mara na wamisionari juu ya mishahara na madaraka, wala hawakuona kwamba kushukuru kunawakataza kudai haki. Shukrani yao ilishuka chini, kwa mtoto aliyeletwa na jahazi lililofuata.

Tukiisoma kazi ya Mbotela kwa jicho hili, tendo kuu la imani ndani yake linageuka kuwa usimulizi wenyewe. Sifa kwa Waingereza zinabaki pembeni. Baba aliyetekwa anaketi na mwanawe na kumwambia yaliyompata. Si jambo jepesi. Katika pwani iliyompima mtu kwa nasaba, kukiri mbele ya mtoto kwamba ulipata kuwa mtumwa ni kujivua nguo. Wengi waliificha asili hiyo na kujitafutia nasaba nyingine. Baba huyu aliisema, na mwana akaiandika akaitia jina la familia. Huo ni utumishi, kwa maana ya kumpa mtoto kitu kinachokugharimu wewe.

Ushahidi wa thamani ya tendo hilo uko nje ya kitabu. Kuanzia mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown na mtu wa ukoo huohuo, aliendesha kipindi cha redio kiitwacho Je, Huu ni Ungwana? Msikilizaji wa kawaida alikichukulia kuwa kipindi cha adabu njema. Lakini mwungwana, katika Kiswahili cha pwani ya kale, ni yule asiyekuwa mtumwa. Mjukuu wa waliokataliwa jina hilo alilihoji taifa zima juu yake kwa zaidi ya nusu karne, akibainisha kwamba ungwana ni mwenendo na wala si damu. Alifariki mwaka 2025. Sidhani kama kuna hitimisho bora zaidi la Uhuru wa Watumwa, wala haikuhitajika manowari kulileta.

Hitimisho

Kwa nini tulisumbukie suala hili sasa? Kwa sababu anwani ya shukrani bado inakosewa, na wanaobebeshwa kosa hilo ni watoto. Atakayetembelea makao ya watoto siku ya wageni atawakuta wamepangwa mistari, sare zimefuliwa, wakiimba kumshukuru mfadhili ambaye jina lake wamefundishwa asubuhi hiyo. Wimbo ni mzuri na sala ni sahihi. Lakini mtoto ametumwa kushukuru, na aliyetumwa bila hiari tumekwisha kuona Kiswahili kinamwitaje.

Hatukusudii kuwalaumu wanaolisha na kusomesha. Tunadai tu kwamba mpangilio ugeuzwe: anayeamini ashukuru kwanza kwa kuhudumu, na mtoto aachwe ashukuru kwa wakati wake, au asishukuru. Baba wa Freretown hakumdai mwanawe wimbo. Alimpa habari kamili ya mahali alikotoka, na mwana, alipokuwa mtu mzima, akaandika kitabu.

Kwa mintarafu ya ufundishaji, tunapendekeza Uhuru wa Watumwa kirudishwe darasani kama kitabu cha kusomwa, badala ya tarehe ya kukaririwa. Wanafunzi waione kasumba iliyomo na waitaje kwa jina lake. Kisha waulizwe swali ambalo sisi walimu wao tulichelewa kulitambua: msimulizi huyu, baada ya kuwashukuru wakubwa wote, amemwachia nini mtoto aliyeketi mbele yake?