Wazee wa Baraza na Kesi ya Tumaini

Katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini, mkulima tajiri, anamuua kiongozi wa serikali wakati siasa ya Ujamaa inapoyafikia mashamba yake, naye anahukumiwa kifo. Wasomaji wengi hukumbuka mara moja mkasa wa Iringa. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimtia hatiani, akanyongwa.

Darasani kesi ya Tumaini humalizwa upesi mno. Tumaini ni bepari. Bepari ni adui wa umma. Basi ana hatia. Huenda hukumu hiyo ni sahihi, lakini njia iliyoifikia siyo. Hapo limeshitakiwa tabaka, hakushitakiwa mtu.

Mahakama zetu hazina juri yenye kauli ya mwisho kama ile ya Uingereza. Kwa miaka mingi jaji wa Mahakama Kuu aliketi na wazee wa baraza katika kesi za mauaji. Kila mzee alitoa maoni yake. Hawakulazimika kukubaliana, wala jaji hakufungwa nayo. (Tangu marekebisho ya 2022, kuwaita ni hiari ya mahakama.) Wengine wameuona utaratibu huo kuwa pambo tu. Sisi hatuoni hivyo. Kanuni ya Adhabu, inapopima uchokozi unaoweza kuyapunguza mauaji ya kukusudia kuwa kuua bila kukusudia, huuliza mtu wa kawaida wa jamii ya mshitakiwa angefanyaje. Nani alijibu swali hilo vizuri kuliko mzee wa jamii hiyohiyo?

Basi na tuwaketishe wazee wawili wa kubuni: mkulima wa mahindi wa Isimani na muuza viazi wa Soweto, Mbeya. Mkulima atauliza kama Tumaini alichokozwa kwa maneno na vitendo, au alipewa habari tu. Ataupima pia muda: je, hasira ilikuwa ingali moto, au ilikwisha poa ikageuka kuwa mpango? Hayo mwanafunzi hana budi kuyajibu kwa kurasa za riwaya. Neno “bepari” haliyajibu.

Muuza viazi atamgeukia mwenzake kwanza: wewe uliyewahi kuhofia ekari zako, utamsikiliza marehemu naye?