Jiwe Moja, Mishale Miwili

Watoto wa Ikwiriri wanaopopoa maembe hulenga juu kidogo ya embe. Mkono unajua kwamba jiwe litashuka njiani. Ufundi ninaousifu ni wa kuuandika ujuzi huo kwa vekta, yaani mishale yenye urefu na mwelekeo.

Tukiacha upinzani wa hewa, jiwe likishatoka mkononi lina mchapuko mmoja tu, g, unaoelekea chini: mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Likianza na kasimwelekeo u, mahali pake baada ya muda t ni r = ut + ½gt². Basi! Mshale wa kwanza unafuata mstari wa kulenga kana kwamba dunia haivuti. Wa pili unashuka wima, wala haujali wa kwanza umeelekea wapi. Galileo alichapisha wazo hilo mwaka 1638, kabla hesabu ya vekta haijabuniwa.

Sasa tazama uzuri wake. Jiwe limelengwa kwenye embe lenyewe, na kikonyo kikakatika papo hapo jiwe linapoachiwa. Vyote viwili vinashuka ½gt² ileile, kwa hiyo vitakutana hewani, mradi kasi itoshe kulifikisha jiwe kabla embe halijagusa ardhi. Aliyekariri sain na kosain peke yake atajaza ukurasa mzima kulithibitisha jambo hili. Mwenye mishale analiona.

Delta ya Rufiji imewahi kuwa uwanja wa hesabu hii, kwa shari. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar Septemba 1914, ilijificha humo. Julai 1915 meli za Kiingereza Severn na Mersey ziliishambulia kwa makombora yaliyopita juu ya mikoko, wapigaji wasilione lengo. Kombora la sekunde 20 hewani, hata bila upinzani, huwa limeshuka takriban mita 1,960 chini ya mstari wa kulenga. Hewa nayo hulipunguza kasi, upepo hulisukuma. Fomula tupu haitoshi. Ndege ilitazama yalikoanguka na kutuma masahihisho kwa simu ya upepo: ongeza, punguza, kushoto, kulia. Kila sahihisho ni vekta. Tarehe 6 Waingereza walishindwa. Tarehe 11 Königsberg ikaangamia.

Mwalimu wa fizikia, usiwape wanafunzi fomula ya umbali kabla hawajachora mishale hiyo miwili kwa mikono yao.