Mgeni Aliyepita na Mgeni Aliyekaa: Vitabu Vitatu vya Kilimanjaro

Mtu ahamiaye mji wa mkoani katika nchi ya watu, uwe Rennes kule Ufaransa au Moshi chini ya Kilimanjaro, hupewa shauri moja kabla ya yote: ajifunze lugha ya wenyeji. Shauri ni jema, ila halisemi ni lugha ipi. Huko Rennes swali hili halimsumbui mtu sana siku hizi, kwa kuwa Kifaransa kimekwisha kuzifunika lugha za kale za Bretagne. Moshi sivyo. Sokoni mgeni hujibiwa kwa Kiswahili. Akipanda migombani husikia Kimoshi, Kimachame, Kivunjo au Kirombo, na huenda akasikia pia akiitwa chasaka, jina la mtu asiye Mchaga, lenye harufu ya pori ndani yake. Namna mgeni alivyolijibu swali hilo la lugha yaonekana wazi katika vitabu vyake, kuliko hata yeye mwenyewe alivyodhani.

Alexandre Le Roy, padre mzaliwa wa Normandie, alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1881. Mwaka 1890 alipanda Kilimanjaro pamoja na Askofu de Courmont na Padre Auguste Gommenginger, misheni ya Kilema ikaanzishwa katika nchi ya Mangi Fumba. Kitabu chake, Au Kilima-ndjaro, kilitoka mwaka 1893. Ni kazi ya mtu mwenye jicho kali na mkono hodari wa kuchora. Lakini Le Roy alikuja na masikio ya pwani, maana Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja la misafara ya wakati ule, na daraja huonyesha ng'ambo zote mbili bila kuingia nyumbani mwa mtu. Hata kabla kitabu hakijatoka, mwandishi alikuwa amekwisha kufanywa askofu wa Gabon. Aliyebaki Kilema ni Gommenginger. Yasikitisha kwamba mtu husoma habari za aliyekwenda zake kwa wepesi kuliko za aliyekaa.

Bruno Gutmann, Mjerumani wa Dresden, ndiye mgeni wa namna nyingine. Alifika mwaka 1902, akafukuzwa na matokeo ya Vita Kuu mwaka 1920, akarudi katika miaka ile ile ya ishirini, akaondoka mwaka 1938. Makao yake yaliyojulikana sana yalikuwa Kidia, Moshi ya Kale, juu ya mji mpya uliokua penye reli. Naye alichagua Kimoshi. Johannes Raum, wa misheni hiyo hiyo ya Leipzig, alikuwa amekwisha kutoa sarufi ya lugha hiyo mwaka 1909. Kwa kuijua lugha, Gutmann aliketi na wazee, akaandika sheria zao katika Das Recht der Dschagga (1926), kisha mafundisho ya jando katika Die Stammeslehren der Dschagga, majuzuu matatu, 1932 hadi 1938. Humo mna habari za mregho, fimbo yenye alama za kuchongwa ambayo mwalimu alimsomea kijana mafundisho yake. Hakuna mpita njia angeweza kuambiwa hayo.

Hata hivyo ni lazima kumlaumu mahali pawili. Kwanza, mapenzi yake kwa ukoo, ujirani na rika yalimfanya aone kila badiliko kuwa uharibifu; mgeni aliyepokewa vizuri alianza kuwaamulia wenye nyumba jinsi nyumba yao ipasavyo kuwa. Pili, na hili ndilo zito zaidi kwa mwanafunzi wa lugha, mambo aliyopewa kwa Kimoshi aliyafafanua kwa Kijerumani na kuyachapisha München. Mjukuu wa mzee aliyefundisha yahitaji ajue lugha ya Ulaya ndipo apate maneno ya babu yake. Ujuzi wa lugha ya wenyeji ulimfungulia Gutmann mlango wa kuingilia. Mlango wa kutokea ulikuwa mwingine.

Kwa sababu hiyo Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha Petro Itosi Marealle (1947), chastahili heshima kuliko inayopewa kwa kawaida. Ni kifupi, wala hakina kina cha Gutmann katika mambo ya sheria. Lakini mwenyeji mwenyewe ndiye asemaye, na asema kwa Kiswahili, lugha ambayo Mchaga wa Machame, Mpare wa jirani na mgeni aliyeshuka jana kwenye reli wangeweza kuisoma wote. Kiswahili hapa si daraja la msafara tena, bali ni ua wa mbele ambapo mwenyeji huweka viti. Ni kweli kwamba Marealle alikuwa wa nyumba ya kimangi ya Marangu, na Mchaga wake ni Mchaga aonekanaye kutoka barazani hapo. Msomaji wa Kibosho au Rombo atakuwa na ya kubishana naye, naye anaweza kubishana kwa lugha ile ile iliyoandikiwa kitabu.