Kuchakaa na Kuchakazwa

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufunzwa methali hii na mtu wa bara, kwani wao ndio waliozaliwa karibu na kamba na ukindu. Sisi wa Madibira tumezaliwa karibu na mpunga. Hata hivyo ilinijia siku moja ya gulio, nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi cherehani nikingoja suruali yangu, nayo haijaniondoka tangu hapo.

Madibira ipo wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, upande unaopakana na Iringa. Maji ya Mto Ndembera huelekezwa katika mifereji, yakanywesha majaruba ya skimu yenye hekta zipatazo 3,000. Mavuno yanapokwisha, fedha huonekana mikononi mwa watu kwa majuma machache, na wauza mitumba huzifuata kama kwelea kwelea wanavyoufuata mpunga.

Mzee mmoja alileta shati. Bega la kulia lilikuwa limelika kwa kubeba magunia, na mgongo mzima ulikuwa umepauka, ilhali kifua kilikuwa bado na rangi yake ya samawati. Asiyejua kilimo cha mpunga angeshangaa ni jua gani hilo lipigalo nyuma tu. Anayekijua hashangai: apandikizaye miche huinama kutwa, jua likamwangukia mgongoni. Fundi akakata kiraka, akakishona. Aliyefuata alikuwa kijana mwenye jinzi aliyoitoa muda huohuo kwenye turubai la mitumba, nzima, haina hata uzi uliolegea.

"Shikamoo fundi. Nichanie hapa magotini. Pande zote mbili, zilingane."

"Mwanangu, mbona nzima hiyo?" mzee akamwuliza.

"Ndiyo maana, babu."

Fundi akatwaa wembe. Kazi zote mbili alitoza bei moja.

Ni rahisi kumcheka kijana huyu, na washairi wetu wengi wamekwisha kumcheka. Nimesoma beti nyingi mno za kulaani suruali zilizotoboka, aghalabu zikiishia kwenye aibu ya wazazi. Naziona ni beti za uvivu, kwa sababu mtungaji hakuketi kwenye benchi akamwuliza kijana anataka nini. Baba wa kijana huyo ana suruali iliyotoboka, wala hakuna aliyewahi kuiita mtindo. Tundu la kazi humwambia kila apitaye kwamba mvaaji hana nguo nyingine. Tundu la kununua husema kinyume: ninayo nyingine, hii nimeitaka hivi. Ndiyo maana matundu yake lazima yalingane, na kingo zake ziwe safi. Magoti ya mtu anayefanya kazi hayalingani. Kila mmoja wetu ana goti analolitanguliza chini. Kijana yule hakuwa akiuiga uchakavu wa baba yake. Alikuwa akiukimbia.

Anayeuiga yuko mbali na Madibira. Mwezi Mei 2022 nyumba ya mitindo ya Balenciaga ilitoa viatu vya raba vilivyochanwa na kupakwa uchafu makusudi, jozi 100 tu za namna iliyoharibiwa zaidi, kila jozi kwa dola 1,850 za Marekani. Anunuaye kiatu kile hataki kuonekana kwamba ametoka kwenye dhiki. Anataka alama ya maisha ambayo hakuyaishi, tena aipate leo jioni. Huyo ndiye ninayemlaumu, na lawama yangu si ya adabu bali ya ushahidi. Shati la mzee ni shahidi: limeona jambo, nalo linalieleza. Kiatu kile kinatoa ushahidi wa uongo.

Tena siku zinazorukwa hazipotei bure. Kuna mtu huzilipa. Kitambaa cha jinzi kina siri yake: nyuzi za mtande hutiwa nili kwa juu, kiini kikabaki cheupe, na nyuzi za mshindio hazitiwi rangi kabisa. Hivyo mahali panaposuguliwa panajitangaza kwa weupe, na miaka ya mvaaji huandikwa pale alipoikalia na alipoikunja. Kiwanda kisichotaka kuingoja miaka hiyo kilitafuta njia. Kwanza ilikuwa kuifua nguo pamoja na mawe mepesi ya volkeno. Ikaja njia ya kuipulizia mchanga kwa mtambo wa hewa. Mchanga ule ulipausha mapaja ya jinzi kwa dakika chache, na vumbi lake likaingia vifuani mwa vijana waliokuwa wakiupuliza, huko Uturuki na kwingineko, likawatia ugonjwa wa mapafu usio na dawa. Uturuki iliipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009; mwaka uliofuata Levi Strauss na H&M zikatangaza kuiacha. Siku hizi nyingi hupaushwa kwa kemikali na kwa miali ya leza. Lakini nguo huishi kuliko tangazo. Nikipita kwenye turubai la gulio, nikaona jinzi kuukuu yenye mapaja meupe yaliyolingana, siwezi kujua ni mtambo upi ulioipausha, na ni kifua cha nani kilichokohoa.

Zamani nguo hizi tuliziita kafa ulaya, jina lililodhani kwamba mwenye nguo ameivaa mpaka umri ukamwisha. Lilikuwa jina la kutisha kidogo, lakini lilikuwa na heshima. Liliamini kwamba ndani ya nguo palikuwa na mtu.

Mimi ni mfasiri, na ilinipasa wakati mmoja kutafuta neno la kuitia nguo ya namna hii katika Kiswahili. Waingereza huiita kwa neno lilelile wanalomwitia mtu aliyefikwa na dhiki, na hiyo peke yake ni dhihaka. Nilipekua kamusi siku mbili. Kumbe jibu halikuwa katika msamiati, lilikuwa katika mnyambuliko. Nguo huchakaa, hii imechakazwa. Nguo hupauka, hii imepaushwa. Kuchanika ni jambo lililoipata nguo, kuchanwa ni jambo iliyotendwa. Vijana husema "jinzi ya kuchanika", na hapo ndipo ulimi unapomficha mwenye wembe.

Sasa niingie nyumbani mwetu wenyewe, katika ushairi, maana huku nako kuna wembe. Nasoma mashairi ya watungaji wa leo, wengine wa bara kama mimi, yaliyojaa mato, yeo na pulika. Mtungaji akiwa sokoni husema macho, leo na sikiliza. Akishika kalamu huyapausha maneno yake yafanane na ya kale. Na sisi wasomaji tunatikisa vichwa: huyu ni malenga.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuandika Kiswahili cha kale. Alitunga kwa Kiswahili cha siku yake, cha barazani na cha bandarini, juu ya vita na majirani waliomwudhi. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu kwa miaka mingi kabla William Taylor hajazikusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na diwani yake haikuchapwa ila mwaka 1940 kwa mkono wa Hichens. Ukale tunaouona humo ni alama ya vinywa vilivyozibeba. Hakuupaka yeye. Mathias Mnyampala naye alikuwa Mgogo wa Dodoma, mbali na bahari. Alitwaa vina na mizani vya pwani akavifanyisha kazi ya bara. Kamba ilikuwa kuukuu, mzigo ulikuwa wake. Hilo silioni kuwa uongo hata kidogo.

Wala nisidhaniwe kwamba naabudu kila kilichozeeka chenyewe. Wazanzibari wanakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu wawili. Uchakavu wa kweli nao huua usipotunzwa, na mzee wa shati alijua hivyo kwa njia yake: alikwenda kwa fundi.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kuushika wembe huo mwenyewe. Sikusoma ushairi shuleni. Niliuokota redioni na katika vitabu vilivyokwisha kupoteza majalada, nikadhani kwamba ushairi ni yale maneno nisiyoyaelewa. Nilitunga shairi juu ya ugomvi wa maji katika mfereji wetu, ndugu wawili waliokaribia kushikiana majembe kwa ajili ya zamu ya usiku. Nililitia mato na yeo kila ubeti, nikalituma visiwani kwa posta. Mhariri mmoja, mtu mzima wa huko, alinirudishia. Pembeni mwa ubeti wa pili aliandika kwa penseli: "Ndugu yangu, neno hili huko Madibira husemwa na nani?"

Nilikasirika mwezi mzima. Nilijiona nimevuliwa nguo mbele za watu. Kisha nikaketi, nikayatoa, nami nikagundua kwamba mizani imevunjika kila mahali, kwa kuwa sikuwa na maneno yangu ya kujazia. Ilinibidi nirudi mferejini kusikiliza. Pale walikuwa wakisema banio, kitalu, jaruba, zamu. Banio lina silabi tatu na linakaa vizuri mwishoni mwa kipande. Bado ni neno gumu mdomoni, kama kanga isiyofuliwa wanga wake, na mara ya kwanza niliposoma shairi lile kwa sauti mbele ya watu wa skimu, mzee mmoja alinikatiza kwenye neno hilohilo, akataka kujua nasema banio lipi, la juu au la chini.